Usimtajie Daktari Bei

Kolwezi, Dilala, kesho unasafiri

Kapinga wangu,

Taa ya chumba chako imezimwa lakini hujalala, nakusikia ukigeuka. Nashuku pia kwamba umeshafungua begi na kutoa lile sweta la kijani usilolipenda, na kesho nitalikuta chini ya mto kana kwamba limesahauliwa. Siji kuhakikisha. Nimekaa mezani, baba yako anakoroma, na nimeamua kukuandikia badala ya kukupekua.

Habari za kunywa maji mengi, vidonge vya asubuhi, chandarua na kutolala karibu na dirisha sikuandikii. Umezisikia tangu ukiwa mgongoni kwangu. Kama hazijaingia mpaka leo, karatasi haitaziingiza.

Nakuandikia juu ya jambo moja. Siku itafika utaumwa huko Lubudi unakokwenda kufundisha, nami sipo. Daktari wa zamu atakuuliza inauma kiasi gani, nawe utamjibu. Ninachokiogopa ni jibu hilo. Shule siiogopi. Treni siiogopi, ingawa siiamini. Mkurugenzi wa shule yako simwogopi pia, ijapokuwa mtu anayemwandikia mwalimu asiyemjua barua tamu namna ile lazima ana darasa lenye paa linalovuja. Hayo utayaona mwenyewe. Lakini ugonjwa wako haukupi muda wa kuona mwenyewe. Ukishikwa na kifua na ukajibu vibaya, watakupa dawa isiyofaa na kukurudisha nyumbani, na nitaletewa habari ambayo sitaki hata kuiandika.

Sasa nikutobolee siri. Ile safari yangu ya juzi juzi, niliyosema nakwenda Lubudi kununua maharagwe, nikarudi na robo gunia ukanicheka ukaniuliza kama treni imekula mengine, haikuwa ya maharagwe. Nilikwenda kumkagua daktari. Usiruke kwanza. Kasirika baadaye, ukimaliza kusoma.

Unajua mimi ni mtu wa kushuku. Wenzangu sokoni husema hata kivuli changu nakigeuza nione kama kimebeba kitu. Babu yangu aliletwa hapa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na jambo alilotufundisha kabla ya sala ni kwamba anayekaa kwa watu halali na masikio yote mawili. Soko likamalizia. Makopo yangu mawili unayajua, uliyachezea ukiwa mtoto: meka ya kununulia, ambayo kitako chake nimekigonga kikatokeza nje ili imeze zaidi, na meka ya kuuzia, ambayo kitako kimegongwa kikaingia ndani ili imeze kidogo. Meka ya tatu, ile iliyonyooka, sikuwahi kuwa nayo. Na mteja ninayemwuzia anajua, ndiyo maana anadai nyongeza, nami najua kwamba anajua. Tunabishana, tunafika mahali, kila mtu anakwenda kwake ameridhika. Kwangu huo haukuwa uongo. Ilikuwa namna ya kuongea na watu.

Basi mtu kama huyo ndiye aliyekupeleka hospitali mara ya kwanza, hata kutembea hujajua vizuri, vidole vyako vya mikono vimevimba vikang'aa. Wakapima damu wakatuambia ni SS, ile damu ambayo chembe zake zinajikunja kama mundu na kuziba njia, na popote zinapoziba panauma kama mfupa unavunjwa. Ukoo mzima ukaanza kushuku. Shangazi yako mmoja, simtaji, alinishuku mimi na akaleta mtu wa kuniombea kwa nguvu. Mimi nilimshuku daktari.

Tulikaa kwenye benchi ile ya dharura miaka na miaka, wewe mapajani kwangu, halafu kando yangu, halafu miguu yako ikafika chini. Sikuwa na kazi nyingine ila kuwatazama madaktari wakichagua. Nilitaka kujua wanachaguaje. Huyu anapewa kidonge cheupe cha parasetamol na kuambiwa asubiri. Yule anachomwa sindano. Mwingine anatundikiwa chupa na kuletewa dawa kutoka kabati lenye kufuli. Kwa nini? Nilimwona kijana wa mashimo, mchimbaji, ameletwa kwa pikipiki mguu umepondwa na jiwe, akapewa kidonge. Nikamwona karani wa kampuni kateguka kifundo cha mkono, akachomwa sindano ya maana. Nikahitimisha kwamba dawa inafuata viatu. Ndiyo sababu ulikuwa na viatu vyeupe vya kwendea hospitali wakati vya kanisani vilikuwa na tundu. Hukuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kukwambia.

Kulikuwa na daktari mzee pale, nywele zimeanza mvi, aliyetutazama kama ninavyomtazama mteja anayesifu maharagwe sana kabla ya kununua. Siku moja ulikuwa na maumivu ya miguu tangu alfajiri, na ulikuwa umeshajifunza kucheza mchezo wa simu yangu ili akili iende mbali. Akapita, akaona, akaniambia mtoto anayeumwa hachezi. Alikuwa amezoea watu wanaokuja kulilia tramadol, ile dawa kali ya maumivu, bila kuumwa, na wapo, hata mimi nawajua, wengine ni wateja wangu. Wanaimeza wasisikie mgongo wala njaa wakiwa chini mashimoni, kisha mwili unaizoea na kuidai. Kwa hiyo yeye alimshuku kila mtu, nasi tulikuwa watu. Tukakaa pale mpaka ukaacha kucheza, ukaacha kusema, ukabaki unauma kola ya gauni lako. Ndipo alipokuja.

Tuliporudi nyumbani nikakutengenezea bei.

Unakumbuka? Nilikuwa naosha vyombo, wewe umekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mimi nilikuwa daktari. Nikakuuliza, kutoka sifuri mpaka kumi, inauma ngapi? Ukasema tano. Nikasema hapana, huo ni ujinga, ukianza na tano utaondoka na mbili. Anza na kumi. Ukasema kumi. Nikasema weka na uso. Ukaweka uso, tukacheka mpaka baba yako akaja kutazama kuna nini. Na ikafanya kazi, Kapinga, hiyo ndiyo mbaya yake. Ulisema kumi, daktari mzee akaguna, akaandika sita, ukapewa dawa ya sita, na mara nyingi ilikuwa sita kweli. Tulielewana naye kwa lugha ya soko bila hata kusalimiana vizuri.

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe ulifunzwa na mamayo, na ndiyo shida tuliyo nayo.

Yaliyofuata unayajua, baba yako huyasimulia kwenye sherehe akicheka. Mimi huondoka nikajifanya nakwenda kuangalia sufuria. Ulikuwa darasa la sita, msimu wa baridi, ule upepo mkavu unaoikunja damu yako kila mwaka. Maumivu yalianza mgongoni. Kabla hatujaondoka nilikupa kidonge cha tramadol nilichonunua kwa kijana wa mashimo, kimoja, halafu uliendelea kulia nikakupa cha pili. Vilikuwa na rangi kali na sikujua nguvu yake. Njiani, juu ya pikipiki, nilikwambia usiseme umemeza kitu, maana wakijua una dawa tumboni watakwambia usubiri ifanye kazi. Unaona nilivyofikiri? Nilikuwa naficha bidhaa niliyo nayo ili nipewe zaidi.

Yule mzee hakuwepo. Zamu ilikuwa ya daktari kijana, mgeni, shati lake bado lina mikunjo ya dukani. Akachuchumaa mbele yako, akakuuliza ngapi. Ukasema kumi, na uso wake. Akauliza umemeza nini nyumbani. Ukanitazama, ukasema parasetamol tu.

Akakuamini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya daktari isipokuwa anayeamini. Nilingoja agune, ashushe, abishane nami kidogo. Akaenda kwenye kabati lenye kufuli, akarudi na morfini ya mtoto wa uzito wako mwenye maumivu ya kumi, akakuchoma polepole, akakufunika. Nilifurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi kama mtu aliyeuza gunia zima bila kuulizwa kitako cha kopo.

Ukalala. Kisha usingizi wako ukawa mzito mno kwangu. Kifua chako kilipanda, kikashuka, nikangoja kiinuke tena, nikangoja sana. Midomo yako ilikuwa inabadilika rangi. Niliita. Yule kijana alikuja mbio, akakushika kidevu, akakuwekea barakoa na kuanza kukupulizia hewa kwa mfuko wa mpira, akamtuma muuguzi dawa ya kukuamsha. Bila kunitazama akaniuliza, "Mama, alimeza nini? Sema sasa."

Nikasema. Ilichukua muda mdogo tu, mtu mwingine asingeugundua, lakini katika muda huo nilikuwa bado napiga hesabu kama nikisema watatufukuza. Ndivyo nilivyokuwa nimeharibika. Ulipofungua macho na kunitukana kwa sababu maumivu yamerudi yote, nilikaa sakafuni. Mtu akiniuliza kumi ni nini, namba kumi yenyewe, kumi ni pale. Sijaifikia tena, na namwomba Mungu asinipeleke.

Baba yako anadhani hadithi inaishia hapo. Haiishii hapo. Nilikutazama baada ya siku ile, kwa jicho langu la kushuku, na nikaona umegeuka. Uliona aibu. Hukusema, lakini tangu hapo kila ukiulizwa ngapi ulijibu tatu. Mgongo tatu, miguu tatu. Nilikuona umeshika ukingo wa kitanda vidole vimekuwa vyeupe, na mdomo unasema tatu, tena kwa adabu, na asante ya merci juu yake. Ukiwa mkubwa ukaona fahari juu ya jambo hilo. Marafiki zako wanakusifu, Kapinga jasiri, Kapinga halalamiki. Mimi sikukusifu. Nilijua kopo ulilobeba. Uliacha langu la kununulia ukachukua langu la kuuzia, lile lenye kitako kilichoingia ndani, linaloonyesha kidogo kuliko kilichomo.

Na msimu wa mvua uliopita ulimwambia muuguzi tatu wakati kifua kilikuwa kinakubana. Akakupa dawa ya tatu. Ulirudi nyumbani ukapika hata ugali. Kisha tukakupeleka tena umebebwa, unahesabu pumzi, na mashine ya oksijeni ikakaa nawe siku kadhaa. Walisema kifua cha SS hakichezewi, walisema tungechelewa kidogo tu tungekukosa. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilitaka kukupiga kibao palepale kitandani na mipira yako puani. Nilikwenda nje nikamgombeza mwuza mikate ambaye hakunikosea chochote.

Sasa umepata kazi, unakwenda mahali ambapo hakuna anayelijua kopo lako. Ndiyo maana nikapanda treni.

Nilifika Lubudi nikaulizia hospitali, nikakaa kwenye benchi. Nilivaa viatu vibaya kwa makusudi, kandambili za shambani, ili nimpime daktari kwa mizani yangu ya zamani. Kikapu changu kilikuwa chini ya miguu, na ndani yake meka yangu ya kununulia, kwa sababu nilisema nakwenda kununua maharagwe na mimi hata nikidanganya nadanganya kwa vifaa kamili. Zamu yangu ilipofika nikashika tumbo. Daktari ni mtu wa makamo, mfupi, anatembea kama mwenye viatu vinavyombana. Watu pale wanamwita Dokta Kasongo. Akaniuliza wapi, nikasema tumboni. Tangu lini, nikasema asubuhi. Akauliza ngapi.

"Kumi," nikasema, na nikaweka uso.

Hakushtuka wala hakuguna. Akanilaza, akaanza kunibonyeza tumbo, huku ananiuliza natoka wapi, nikasema Kolwezi, nauza nini, nikasema maharagwe. Akasema maharagwe ya Kolwezi ni ghali kwa sababu wafanyabiashara wa Kolwezi ni wezi. Nikamwambia mwizi ni mkulima wa Lubudi anayeloweka gunia ili liwe zito. Akasema hapana, nikasema ndiyo, akataja bei, nikamwambia kwa bei hiyo akawauzie watalii. Kumbe mkono wake wote ulikuwa umezama tumboni mwangu na mimi ninabishana. Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Yangu iliishia juu ya kitanda cha plastiki.

Akatoa mkono. Akasema taratibu, ili wa benchini wasisikie, "Mama, mutu mwenye iko ku kumi hawezi kubisha bei ya maharagi na miye. Inakuluma wapi kweli?"

Nilitaka kubuni kingine. Nilikuwa nacho, mgongo ulikuwa tayari. Lakini sauti yake haikuwa ya kunikamata, na nilikuwa nimechoka na safari.

"Inaniluma ku Kolwezi," nikamwambia. "Mutoto yangu iko na SS. Anakuja kufundisha huku kwenu."

Akavuta kiti. Nikamweleza yote, kuanzia benchi na ndoo iliyogeuzwa mpaka vile vidonge, na tatu zako zote. Najua utakasirika kwamba nimemwambia mtu mambo yako. Kasirika. Yeye alisikiliza, akainama, akatoa kopo langu kwenye kikapu na kupitisha kidole gumba chini ya kitako. Mtu wa mjini hafanyi hivyo. Aliinua macho akanitazama, nami nikatazama ukuta.

"Mama yangu alikuwa anauzisha bunga," alijieleza, yaani unga. "Miye najua. Sasa mutoto ulimupa kopo gani?"

Nikasema nilimpa ya kununulia, sasa anatumia ya kuuzia. Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena.

Nikamwuliza nililotaka kumwuliza daktari yeyote tangu ukiwa mapajani: mnachaguaje? Na nikamwuliza habari za viatu, usoni kwake. Hakukana. Akasema wapo wanaotazama viatu, na kwamba yeye mwenyewe akichoka sana hujikuta anatazama miguu ya mtu kabla ya uso, ndiyo sababu anajilazimisha kuuliza maswali yaleyale kwa wote. Kama angeniapia kwamba hawaangalii, ningeondoka nikakukataza safari.

Alinieleza hivi, nami nakuandikia nilivyoelewa. Kwanza anatafuta maumivu yanatoka wapi, kwa sababu kuna maumivu ambayo ukiyanyamazisha bila kuyajua, yanaua kimyakimya. Kisha anatazama kama mwili utabeba dawa: pumzi, msukumo wa damu, figo, vidonda vya tumbo. Wewe hasa, figo zako zimeshachoka na SS, kuna vidonge vya kila siku ambavyo kwa mwingine ni kheri na kwako ni mzigo. Kisha umemeza nini nyumbani. Hilo aliligonga na kidole mezani. Alisema vijana wa mashimo wanapewa kidogo wakati mwingine kwa sababu hawasemi walichomeza, naye anaogopa kuwalaza wasiamke. Nilikumbuka yule kijana mwenye mguu uliopondwa, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba labda daktari alimwogopea. Labda. Bado nasema labda. Halafu anaangalia nani atakaa na mgonjwa kumtazama akilala, na mwisho anafungua kabati, kwa sababu kuna siku kabati ndilo linalochagua, na daktari anaridhika na kilichobaki.

Na namba? nikamwuliza. Namba ni ya nini kama una macho na mikono?

Akasema namba ya kwanza peke yake haimwambii mengi. Nane ya huyu ni tano ya yule. Anachotaka ni ya pili. Anakupa dawa, anakwenda kumwona mwingine, anarudi na kuuliza tena, na hapo ndipo anapojua kama aongeze, abadilishe, au akuache ulale. Ukimwambia nane halafu sita, anajua dawa inafanya kazi na anakwenda nayo. Ukimwambia tatu halafu tatu, umemwacha gizani. Anakupima na wewe mwenyewe wa nusu saa iliyopita.

Kapinga, nilikaa pale kama mtu aliyeambiwa kwamba miaka yote alikuwa anabishana bei na mtu ambaye hauzi. Nilidhani namba inakwenda kwake, kumbe inarudi kwako. Nilikufundisha biashara mahali pasipo na soko.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Wapo madaktari wa kuguna, utakutana nao, na Dokta Kasongo naye analala, anakwenda likizo, siku moja atahamishwa. Kwa hiyo endelea kushuku, nisikudanganye. Shuku kidonge cha rangi kinachouzwa bila boksi. Shuku ampuli ya sindano isiyo na maandishi yanayosomeka, waombe wakuonyeshe. Shuku kila anayekuandikia dawa kabla hajakuuliza umemeza nini. Ukiona hakurudi kuuliza mara ya pili, mwite, na akikunja uso mwite tena. Ila mdomo wako mwenyewe usinipe sababu ya kuushuku. Mimi nitakuwa mbali sasa, nitakuwa na mdomo huo tu kwenye simu.

Na viatu vizuri vaa. Sijashawishika kabisa.

Wakati naondoka, Dokta Kasongo aliniuliza kama nitamletea barua ya kumjulisha ugonjwa wako. Nikasema utakuja mwenyewe na kujieleza mwenyewe. Sijui nguvu ya kusema hivyo niliitoa wapi. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikijibu, hata ulipokuwa mwalimu mzima na diploma yako, muuguzi akiuliza kitu nilikuwa nafungua mdomo kabla yako. Nilinunua maharagwe yangu ya kujifichia nikapanda treni, na njia nzima nilitaka kurudi kumwambia nimebadili mawazo, aandike jina lako ukutani.

Kuna kitu chini kabisa ndani ya begi lako, chini ya sweta la kijani kama bado lipo. Ni meka mpya. Sijaigonga popote, ipitishie kidole uone. Utapimia unga wako. Wauzaji wa Lubudi watakucheka, na pengine utapunjwa kidogo kila wiki, lakini hilo halitakuua.

Tangu uliposema unakwenda, kila jioni unaniuliza, mama, uko sawa? Nami najibu niko sawa, nakwenda kukoroga sufuria. Umenishuku, najua, jicho hilo umelirithi kwangu. Basi nikujibu sasa, bila kuongeza ya kununulia wala kupunguza ya kuuzia. Kumi naijua ilivyo, nilikaa nayo sakafuni siku ile, na hii haijafika pale.

Ni nane. Ukifika Lubudi nipigie, uniulize tena.

Mimi mama yako, ambaye kesho kituoni hatalia, na ukimwona analia usimwamini baba yako akisema ni vumbi.